Mjane, shamba na avoka: maswali tunayoulizana



Juma hili tunaandika na uchungu. Mtoto mmoja wa darasa letu hakuonekana masomoni majuma mawili baada ya kilio cha baba yake. Tulipofika kwao tukakuta mashemeji wamekwisha kugawana shamba la migomba na mbuzi, na mama anahesabiwa siku za kufunga mizigo. Akatuuliza: "Mwalimu, mimi nilikuwa bibi wa nyumba hii ao mgeni?" Wengi wetu tulimwambia anyamaze, asiharibu jamaa. Tulikosea. Basi leo tujibu.

Mali ya baba ni ya nani? Sheria ya Jamaa ni ya 1987, ikarekebishwa mwezi wa saba 2016. Ikiwa bibi na bwana hawakuchagua mpango mwingine wa mali walipooana, kile walichopata ndani ya ndoa ni cha wote wawili. Nusu ya mama si urithi: ni yake. Nusu ya baba ndiyo inagawanywa. Tufanye hesabu kama darasani. Parsele iliyonunuliwa ndani ya ndoa ina bei ya dola 8.000. Dola 4.000 ni za mama. Katika 4.000 zinazobaki, watoto wanapata robo tatu, ni kusema 3.000, sawasawa, msichana kama mvulana. Watoto wanne, kila mmoja 750. Robo moja, 1.000, ni ya mjane, wazazi wa marehemu na ndugu zake. Mashemeji wana sehemu, lakini ni ndogo, na hawaipati kwa kumfukuza mtu.

Na nyumba? Mjane ana haki ya kuendelea kuikaa na kutumia vyombo vyake, pamoja na nusu ya matumizi ya shamba linaloshikana nayo. Ni haki ya kutumia, si ya kuuza.

Lakini shamba letu ni la kalinzi! Ndiyo. Hapa Ngweshe na Kaziba mashamba mengi yalipatikana kwa ng'ombe iliyotolewa kwa mkubwa wa udongo, na desturi imezoea kumwachia mtoto mwanamume. Ndiko ugomvi unakotoka. Tuheshimu wazee, lakini tujue kwamba kwa Katiba ya 2006 mahakama inafuata desturi ikiwa tu haipingani na utaratibu wa watu wote ao mwenendo mwema.

Ni nini kinachotuangusha? Karatasi. Mahari yametolewa, padiri ao pasta amebariki, lakini ndoa haikuandikwa kwa leta. Siku ya kilio mashemeji wanasema: "Onyesha." Mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa naye anarithi ikiwa baba yake alimtambua angali hai. Bwana akiwa mzima, twende tuandikishe ndoa na watoto. Anaweza pia kuandika testama: yote kwa mkono wake mwenyewe, na tarehe na sahihi; ao aiweke mbele ya notere ao ofisa wa leta anayeandika ndoa na vizazi. Testama haiwezi kuwanyima watoto fungu lao. Na sisi wamama tunaweza kuandika yetu.

Avoka tunampata wapi? Bukavu kuna baro ya Kivu ya Kusini. Mbele ya kutoa pesa, tumwulize: Karatasi yako ya baro iko wapi? Umekwisha kushika kesi za urithi? Utaomba pesa ngapi, na kwa mara ngapi? Aandike, atoe risiti. Tumpe kopi, si karatasi zenyewe. Anayeahidi kwamba tutashinda bila shaka, tumwache. Asiye na uwezo aombe avoka wa bure: sheria ya 1979 inaagiza baro iwasaidie watu wa mapato madogo. Abebe karatasi ya umaskini kutoka kwa wakubwa wa mahali pake. Kesi za urithi zinaanzia Tripaix. Jamaa ikipatana mbele ya kufika huko, ni vizuri zaidi, lakini mapatano yaandikwe na kila mtu atie sahihi, mjane pia.

Yule mama hakufunga mizigo. Wawili kati yetu tulimsindikiza Bukavu, kikundi kikachanga tiketi. Kesi haijakwisha. Mtoto amerudi darasani, anakaa mbele.

Kwenye mkutano ujao kila mama aje na jibu la ulizo moja: ndoa yangu imeandikwa wapi? Asiyejua asione haya. Tutakwenda kuandikisha pamoja, sisi wote, siku ya soko.