Tatizo siyo sketi wala baiskeli, ni begi!

Nimepotea kidogo, nilikuwa field. Wale wa ualimu mnajua: wiki nane za chaki, maandalio ya somo, na msimamizi anayetokea bila hodi. Leo sisimulii yote. Kuna jambo moja linanikereketa, nalo ni baiskeli.

Shule niliyopangiwa ipo huku chini, upande wa Mabogini, na mimi nilipanga chumba Pasua. Boda kwenda na kurudi ni elfu mbili kila siku, bumu lenyewe mnalijua. Nikaazima baiskeli ya kaka yangu, ile ya kiume yenye bomba katikati. Sheria ya shule: mwalimu wa kike ni sketi, tena ivuke goti. Siku ya nne sketi ikaingia kwenye cheni. Jamani! Nilianguka, mfuko niliofunga kwenye keria kwa mpira wa tyubu ukapasuka, madaftari 43 ya Kidato cha Pili yakaingia kwenye mfereji wa mashamba ya mpunga.

Wanafunzi wakacheka, halafu wakaingia majini kuyaokoa. Binti mmoja akanikabidhi daftari linalochuruzika na kuniambia taratibu: "Madam, ndiyo maana mama kanikataza baiskeli."

Hiyo ndiyo iliyoniuma kuliko goti. Binti yule anatembea zaidi ya saa nzima kuja shule. Akichelewa anachapwa, na vijana wa boda wapo njiani na lifti zao za bure. Sote tunajua baadhi ya lifti hizo zinaishia wapi. Na mimi, mwalimu wake, nimempa mama yake ushahidi.

Sasa watu wataniambia Moshi ni milima. Kwa Kibosho na Uru nakubali, kule utashuka kwa raha na kupanda ukisukuma. Lakini kuanzia mjini kushuka Pasua, Mabogini mpaka kwenye miwa ya TPC ni tambarare, na baiskeli zimejaa. Angalia tu nani anaziendesha. Wanaume wanabeba majani ya ng'ombe, madumu, hata kitanda! Mwanamke yupo pembeni, mzigo kichwani.

Mwaka 1894 mama mmoja wa Boston, Annie Londonderry, aliondoka kuzunguka dunia na baiskeli. Alianza na sketi ndefu na baiskeli nzito. Alipofika Chicago akabadilisha vyote: akachukua baiskeli nyepesi, akavaa suruali pana za wakati ule. Safi sana, lakini mwalimu wa kike wa Mabogini hana ruhusa hiyo. Kama nguo haibadiliki, basi vifaa vibadilike. Waholanzi walishaliona hilo zamani: baiskeli zao nyingi zina kava la cheni, na nyingine zina wavu pembeni mwa gurudumu la nyuma ili sketi isinase. Hakuna uchawi hapo.

Nikaenda kwa fundi cherehani na daftari langu la michoro. Akanicheka kwanza, kisha akakuna kichwa. Tukatengeneza mfano wa shogi ya punda: mifuko miwili inayoning'inia kila upande wa keria ili mzigo usivute upande mmoja. Nje kitenge, ndani turubai, maana masika ya huku hayana utani. Kwa ndani tukatia kipande cha dumu lililokatwa ili mfuko usibonyee ukaingia kwenye spoku. Wa kwanza ulikosewa, kila nikikanyaga pedeli kisigino kinaugonga. Tukausogeza nyuma. Kwenye madigadi tukafunga wavu, nyuma ya mfuko tukashona utepe unaong'aa gizani. Ukifika, unaufungua, unavuta mkanda, unakuwa mkoba wa begani.

Yote kwa yote elfu kumi na nane. Ni siku tisa za boda.

Kuna rafiki aliniuliza, kitenge cha nini, si ungetumia kiroba tu? Hapana dada. Hapo ndipo tunapokosea. Kitu cha mwanamke kikiwa kibaya ataona aibu kukitumia, na kikikaa ndani hakimsaidii mtu. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Juni 2019, watu wameshonewa mifuko ya kila aina ya kwenda sokoni. Wa kwenye baiskeli sijauona. Mafundi tunao, vitenge tunavyo, wateja wapo barabarani wanatembea kwa miguu.

Sisemi begi litamaliza shida zote za mtoto wa kike. Barabara bado mbovu, madereva bado hawatuheshimu, na baiskeli yenyewe ni hela. Ila nasema tusimwambie binti "baiskeli siyo yako" wakati kilichomwangusha ni kitu cha kushona kwa siku mbili.

Wiki ya mwisho yule binti aliniomba aijaribu pale uwanjani. Alizunguka mara tatu, sketi ya shule imetulia, madaftari yamo ndani. Aliposhuka hakuniuliza baiskeli ni bei gani. Aliuliza, "Madam, fundi yuko wapi?" Jumamosi alikuja na mama yake, nikawapeleka.

Nawasilisha. Tuonane kwenye UE, kama tutapona!