Tochi Isikae Stoo

Leo ni zamu ya wale wanaoandika programu.

Ukikaa Hillbrow, ghorofa ya 15, unajua umeme ukikatika lifti nayo imekufa. Sasa tochi uliyoiacha stoo ya chini itakusaidia nini?

Kompyuta nayo iko hivyo. Memori ikijaa, kurasa zisizotumika zinahamishiwa kwenye diski. Zikihitajika, zinarudishwa. Poa tu. Lakini intarapti ya kibodi au kadi ya sauti haingoji. Msimbo wa kuipokea ukiwa umehamishiwa diski, kuurudisha kunapitia DOS, na DOS yenyewe pengine imekatizwa katikati ya kazi, haiwezi kuitwa tena. Mashine inaganda.

Kwa hiyo ukitumia DJGPP, funga memori kabla ya kuruhusu intarapti: msimbo wenyewe na kila data unayoigusa. Ukisahau kigeu kimoja tu, umeisha.

Kwenye Linux, kerneli haihamishwi diski, kwa hiyo draiva zake ziko salama. Ila programu ya kurekodi sauti moja kwa moja itumie mlock, la sivyo sauti inaweza kukatika-katika.

Na usifunge kila kitu, bwana. Memori uliyoifunga, programu nyingine haziipati.