Wananchi Wapewe Elimu! Na Maji Je?



Kuna sentensi moja inanikera kuliko zote katika siasa za nchi hii. Siyo "mchakato unaendelea". Siyo "tupo kwenye upembuzi yakinifu", ingawa hiyo nayo ina dhambi zake. Ni hii: "Wananchi wapewe elimu."

Kipindupindu kikilipuka, wananchi wapewe elimu. Watoto wakidumaa, wananchi wapewe elimu. Mama akijifungulia njiani kwa sababu zahanati ipo kilomita kumi na mbili na bodaboda wa usiku anataka elfu ishirini, kiongozi anashika maiki na kusema wananchi wapewe elimu juu ya umuhimu wa kuwahi kituoni. Yaani ukiwasikiliza hawa, viongozi wanajua, wataalamu wanajua, bajeti nayo inajua. Mbumbumbu ni raia peke yake.

Na mnajua anayetumwa kwenda kuitoa hiyo elimu ni nani? Siyo mshika maiki. Ni binti wa miaka ishirini wa chuo cha uuguzi, kavaa sare aliyoishonesha kwa pesa ya mama yake, kabeba bango alilolichora mwenyewe usiku kwa kalamu za rangi.

Leo nataka tuwaongelee hao. Sisi wa vyuo vikuu tuna tabia mbaya: tukisema "wanafunzi" tunajisema sisi wenyewe, na wenzetu wa vyuo vya kati tunawakumbuka wakati wa kutafuta kura. Mimi nasoma sheria. Nikienda fildi, bodi ya mikopo inanipa hela ya mafunzo kwa vitendo. Kidogo, inachelewa, tunailalamikia kila mwaka, lakini ipo. Wenzetu wa stashahada wameanza kufikiriwa mikopo mwaka wa masomo 2023/24, tena kwa fani chache, afya ikiwemo, na wengi bado hawamo. Fildi yao inalipwa na mama muuza mchicha.

Kwa wasioijua hiyo fildi: mwanafunzi wa uuguzi na ukunga haishii wodini. Ana somo la afya ya jamii, na kuna wiki ambazo kundi zima linapelekwa kijijini au mtaani. Wanapita kaya kwa kaya na dodoso. Choo kipo? Kina mlango? Maji mnachota wapi, mnachemsha? Mtoto amemaliza chanjo? Chandarua mnalalia au kimefunika vifaranga? Baada ya hapo wanakaa chini, wanajumlisha, wanatambua matatizo makubwa ya kijiji kile, wanatoa elimu ya afya, halafu wanaandika ripoti. Mimi nimeisoma moja. Nawaambia ukweli, sijaona hotuba ya bajeti inayoeleza maisha ya Mtanzania vizuri kama ile ripoti ya watoto wa stashahada.

Ripoti yenyewe nilipewa na mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, aliyefanya fildi kwenye kijiji kimoja kando ya Ziwa Victoria. Tatizo namba moja walilolikuta ni kichocho. Ngoja niieleze kidogo, maana ndipo hoja yangu ilipo. Mayai ya mnyoo huyu yanatoka na kinyesi au mkojo wa mgonjwa. Yakifika majini yanaanguliwa, vijidudu vinaingia kwenye konokono, vinakulia humo, kisha vinatoka na kutoboa ngozi ya mtu yeyote aliyesimama majini: mtoto anayeogelea, mama anayefua, mvuvi anayevuta nyavu. Minyoo inakaa kwenye mishipa ya damu kwa miaka. Aina iliyoenea ziwani inashambulia utumbo na ini, na ikikomaa mtu anavimba tumbo, anaweza kufika kutapika damu. Dawa ipo, praziquantel, watoto wanapewa shuleni wakati wa kingatiba. Inaua minyoo wakubwa waliomo mwilini. Haimkingi mtu anayerudi majini kesho yake.

Sasa pichani: wasichana sita na wavulana wanne, chini ya mwembe, mabango yamening'inizwa. Somo: tumieni vyoo, msijisaidie ziwani, msioge ziwani, msifulie ziwani, msichote maji ziwani bila kuyatibu. Wanakijiji wanasikiliza kwa adabu. Bibi mmoja ananyoosha mkono.

"Mjukuu wangu, hayo yote tumeyasikia, na mwaka juzi walikuja wenzenu wakatueleza hivyohivyo. Mimi nakuuliza kitu kimoja. Maji mengine yako wapi?"

Hakukuwa na mengine. Kisima cha pampu kilikuwa kimekufa tangu kabla ya hao "wenzenu". Mdogo wangu ananiambia alitamani ardhi ipasuke. Akasema, "Bibi, mkiteka muyaache kwenye ndoo siku nzima kabla ya kuoga," na kitaalamu hajakosea, vile vijidudu havidumu muda mrefu vikikosa mtu wa kumwingia. Ila hebu fikiria bibi wa miaka sabini, ndoo ngapi, za familia ya watu tisa, zikae siku nzima, kila siku.

Wakarudi, wakaandika. Kwenye mapendekezo wakaweka: kisima kitengenezwe, kijiji kiunganishiwe maji ya bomba, zahanati iwe na dawa ya kichocho kwa watu wazima siyo watoto wa shule tu. Mwalimu wao akaipitia rasimu, akapiga mstari mwekundu. Hayo ya bomba ni siasa, akasema, nyie ni wauguzi. Mnadhani kikaandikwa nini badala yake? Wananchi waendelee kupewa elimu.

Simtaji mwalimu wala chuo. Nadhani hata yeye anaogopa mtu. Ila makamanda, tuishike ile kauli yake, "hayo ni siasa", kwa sababu ndiyo inayofunga midomo ya maelfu ya vijana walioyaona matatizo ya nchi hii kwa macho yao, wakayahesabu na kuyaandika.

Ndiyo, ni siasa. Bomba lipite wapi ni siasa. Kutoka Ihelele, kule Misungwi, maji ya ziwa hilihili yamesukumwa hadi Shinyanga na Kahama, na baadaye yakafika Tabora. Ni jambo jema na sitalibeza, ndugu zetu wa kule waliteseka na kiu miaka mingi. Lakini limetuthibitishia kwamba maji haya yanasafirika mamia ya kilomita pale mtu mwenye mamlaka anapoamua. Bibi yuko mita mia mbili kutoka ufukweni. Kilichomkosesha maji siyo umbali wala ujinga.

Kuna mtu atasema nadharau elimu ya afya. Hapana bwana. Elimu ya afya nchi hii ina historia ya heshima. Mwaka 1973 kulikuwa na kampeni ya Mtu ni Afya: watu wapatao milioni mbili walikaa kwenye vikundi vya kusikiliza redio, wakasoma vijitabu, wakajadiliana, wakaenda kuchimba vyoo. TANU siyo chama changu, na mfumo wa chama kimoja siutamani hata kwenye ndoto. Ila angalia tofauti. Miaka ileile iliposema "mtu ni afya", serikali ilikuwa inajenga zahanati na vituo vya afya vijijini. Mkono mmoja ulishika redio, mwingine ulishika matofali. Kuanzia 1993 tukaambiwa tuchangie gharama hospitalini. Aprili 2001 viongozi wa Afrika wakakaa Abuja wakaahidi kuipa afya asilimia 15 ya bajeti. Angalia bajeti zetu za miaka hii uone tulivyo mbali. Redio imebaki. Matofali tunaambiwa tujitolee.

Hata ule mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii uliozinduliwa Januari 2024, wa kuwafikia wahudumu 137,294 ndani ya miaka mitano, mimi naunga mkono wazo lake. Swali langu ni lilelile la bibi. Mhudumu akishabisha hodi, akishasema "msioge ziwani", atamwelekeza mtu wapi?

Sasa nije kwenye eneo langu. Ripoti ile kwa utaratibu inawasilishwa kwa viongozi wa kijiji. Mwenyekiti anaipokea, wanapiga picha, basi. Kwa nini haimnyimi usingizi? Mkumbuke Novemba 27, 2024. Wagombea wa upinzani walienguliwa kwa wingi kabla hata kampeni hazijaanza, kwa visingizio vya fomu, na CCM ikatangazwa kushinda zaidi ya asilimia 98 ya nafasi za wenyeviti wa vijiji, mitaa na vitongoji. Mwenyekiti asiyehitaji kura yako ataogopaje ripoti ya wanafunzi kumi? Hii ndiyo njia ambayo kuenguliwa kwa mgombea wa udiwani au uenyekiti kunaingia kwenye ini la mtoto. Tunaposema uchaguzi huru watu wanadhani tunagombea vyeo.

Atakwambia nenda mahakamani. Haya, twende. Fungua Katiba ya 1977, Ibara ya 11: inataka mamlaka iweke utaratibu wa kumsaidia mtu wakati wa uzee, maradhi na ulemavu. Inapendeza. Rudi nyuma Ibara ya 7(2): masharti ya sehemu hiyo hayawezi kutekelezwa na mahakama yoyote. Yaani wameandika ahadi na kisha wakaifungia kufuli kurasa chache kabla. Kwenye orodha ya haki za msingi hakuna haki ya afya iliyotajwa, wala ya maji. Kuna haki ya kuishi, Ibara ya 14, na wakili mbunifu anaweza kujaribu kupita humo. Ila mwaka 2020 Bunge lilibadili Sheria ya Utekelezaji wa Haki na Wajibu wa Msingi, likamtaka anayefungua shauri aape na kuonesha yeye binafsi ameathirika vipi. Kwa sharti lile mimi nisingeweza kumsemea bibi kirahisi. Ingebidi aje mwenyewe na tumbo lake.

Majirani zetu Kenya waliandika Ibara ya 43 kwenye Katiba yao ya 2010: afya, usafi wa mazingira, chakula, maji safi. Hawajafika mbinguni, matatizo ya hospitali zao tunayasoma kila wiki. Lakini Mkenya ana mlango wa kugonga. Wewe ukiulizwa Katiba Mpya ya nini, eti watu hawali katiba, mweleze kuhusu Ibara ya 7(2).

Na hawa wanafunzi wenyewe wanaishije? Nenda hosteli za vyuo vya afya ninavyovijua, vya serikali na vya watu binafsi. Chumba cha wanne wanalala wanane. Maji yanatoka alfajiri, ukichelewa kuamka umeyakosa, na choo kimoja kinahudumia korido nzima. Hao ndio Jumatatu wanasimama mbele ya akina mama kufundisha hatua za kunawa mikono. Wakiugua, wengi wanamalizia duka la dawa kwa sababu bima hawana. Wakiwa wodini kwenye mazoezi wanafanya kazi za kweli, wanafunga vidonda, wanapima presha, wanasukuma machela, glovu mara nyingine wananunua wenyewe. Wakihitimu, wapo mtaani miaka mitatu, minne, na zahanati ina muuguzi mmoja anayezalisha, anayechanja na anayegawa dawa siku moja. Kisha wanaambiwa wajitolee. Ibara ya 23 inasema ujira unaolingana na kazi. Haikusema nauli ya daladala.

Kwa hiyo jumuiya yetu ya vijana isiishie kuposti pole. Tudai mkopo na posho ya fildi kwa kila mwanafunzi wa afya wa chuo cha kati, na ajira kwa wahitimu kabla ya kuzindua mabango mapya. Hayo tutayasema kwenye majukwaa. Ila kuna moja halimsubiri waziri. Mkutano mkuu wa kijiji ni wa kila mkazi mwenye miaka 18 na kuendelea, una kadi ya chama au huna, na unatakiwa kuitishwa kila miezi mitatu. Ripoti za wanafunzi zisomwe pale, kwa sauti, na mapendekezo yake yaingie kwenye muhtasari. Mwenyekiti akikataa, kukataa kwake nako kuandikwe.

Wewe uliye chuo cha uuguzi, kama una nakala ya ripoti ya kundi lenu, hakikisha haina jina la mgonjwa wala la kaya, kisha mpatie mkazi wa kijiji kile mlichokisoma, kwa sababu habari ile ni yake. Wewe uliye kijijini, ulizia: wanafunzi walikuja lini, waliandika nini, nakala iko kabati gani. Ile ya mdogo wangu ina kurasa thelathini na mbili. Rasimu ya kwanza, kabla ya mstari mwekundu. Fotokopi yake haifiki elfu tano, na mkutano wa robo hii bado haujaitishwa.