Ubao wa Hesabu na Wenye Kuamua



Katika mkutano mkuu ujao mtaulizwa kama chama kitoe fedha kununua kile kinachoitwa dashibodi, yaani ubao wa hesabu unaoonekana katika kioo cha kompyuta au cha simu, ili Halmashauri iyaone mambo ya chama bila ya kungoja daftari lifungwe mwisho wa mwezi. Wako wanaosema kuwa jambo hilo ni upuuzi na fedha ziende kwenye miche. Wako pia wanaosema kuwa tusipolifanya tutaachwa nyuma na dunia. Sisi twaona pande zote mbili zimeharakisha, kwani kabla ya kutoa shilingi moja yapasa tuulize nani ataweza kuusoma ubao huo ukishawekwa. Katika chama, anayesoma hesabu ndiye anayeamua, na asiyezisoma hutia sahihi tu, hata akiwa ndiye Mwenyekiti.

Jina dashibodi limetoka katika motokaa. Mbele ya dereva pana ubao wenye mishale michache: mwendo, mafuta, joto la injini. Fundi akifungua boneti ataona mambo mia, na ni haki yake kuyaona, lakini dereva akionyeshwa yote hayo hali anaendesha, gari litaingia mtaroni. Wajumbe wa Halmashauri yetu ni madereva. Wengi wao ni wakulima wazee waliochaguliwa kwa uaminifu wao na kwa kuujua mkarafuu, wala hawakuchaguliwa kwa elimu ya kompyuta. Lakini vibao vingi vinavyouzwa hutengenezwa na mafundi kwa macho ya mafundi.

Tumeyatazama mambo ya ndugu zetu wakulima wa kahawa wa upande wa Nyanga, Bukoba na Muleba, mkoani Kagera, kwa kuwa hali yao inafanana sana na yetu. Wao pia wana mashamba madogo madogo, zao lao ni la mti, hulianika nyumbani, kisha hulipeleka kwenye mizani ya kituo. Ushirika wao ni wa siku nyingi. Chama kikuu cha Bukoba kilianzishwa mwaka 1950, vyama vikuu vikavunjwa na serikali mwaka 1976, vikarudishwa kwa sheria ya mwaka 1982, na leo chama chao kinajulikana kwa jina la KCU (1990). Katika miaka hii ya 2020 mambo ya hesabu yamewajia kwa kasi. Tume ya Maendeleo ya Ushirika imeweka mfumo wa kompyuta wa kusimamia vyama, uitwao MUVU, na minada ya kahawa imeingia katika mfumo wa Soko la Bidhaa Tanzania, TMX. Sasa tarakimu za kijijini zaweza kufika kwa wakubwa siku ile ile. Hii ni neema, lakini neema hiyo ina mitego, na mitego yenyewe yatuhusu sisi vilevile.

Mtego wa kwanza ni kipimo. Mkulima wa Muleba hupeleka kahawa ya maganda, na ikishakobolewa hubaki kahawa safi ambayo uzito wake ni kama nusu tu. Basi ubao ukiandika “kilo” peke yake, bila ya kusema kilo za maganda au kilo za kahawa safi, kiongozi aweza kudhani nusu ya mali imeibiwa, au aweza kuahidi mauzo mara mbili ya mali iliyopo. Kwetu mambo ni hayo hayo. Karafuu mbichi kilo 3 zikishakauka hutoa kama kilo 1 tu. Wazee wengine bado wanahesabu kwa pishi na kwa frasila, na frasila ni ratili 35, yaani karibu kilo 16. Tarakimu isiyotajiwa kipimo chake isiwekwe ubaoni kabisa.

Mtego wa pili ni kulinganisha. Mafundi hupenda kuweka mshale wa kijani ukielekea juu au mwekundu ukielekea chini, kulinganisha na mwaka uliopita. Kwa duka la nguo jambo hilo laweza kufaa. Kwa mkarafuu ni upotofu. Sote twajua kuwa mkarafuu hauzai sawasawa kila mwaka: ukizaa kwa wingi mwaka huu, huenda ukapumzika mwaka ujao. Ubao unaolinganisha msimu mdogo na msimu mkubwa utapiga kelele za hatari pasipo hatari, na baada ya msimu mkubwa unaofuata utawapongeza watu ambao hawakufanya lolote ila kungoja mvua. Mbuni nao una tabia ya namna hiyo. Basi twataka kila tarakimu ya mavuno ilinganishwe na wastani wa misimu mitano, na maneno hayo yaandikwe pale pale.

Mtego wa tatu ni mkubwa kuliko yote, nao ni yale yasiyoonekana. Ubao huonyesha kilichopita juu ya mizani tu. Kagera kuna biashara iitwayo butura, ambapo mkulima mwenye shida humwuzia mlanguzi kahawa ingali juu ya mti, kwa bei ya kutupa. Na iko kahawa inayovuka mpaka kwa magendo kuingia Uganda. Kahawa hiyo haiingii katika hesabu ya kituo. Kiongozi anayetazama kioo tu atasema kijiji hiki ni kivivu, hali mibuni yake imezaa vizuri na aliyenufaika ni mwingine. Na sisi tusijifanye hatujui. Karafuu za kisiwani zimepelekwa Mombasa kwa magendo miaka na miaka, na wako wenzetu wanaokodisha mikarafuu yao kabla ya kuchumwa kwa ajili ya deni. Kilichopita kando ya mizani hakimo ubaoni, na hapana kompyuta itakayokisema. Atakayekisema ni mjumbe anayekwenda shamba.

Kwa hayo, rai yetu ni kwamba ubao wa Halmashauri uwe ukurasa mmoja, kwa Kiswahili, wenye tarakimu tano tu. Ya kwanza ni kilo za karafuu kavu ambazo wanachama wamezifikisha vituoni, kwa kila daraja. Ya pili ni wanachama wangapi hawajalipwa, na yule aliyengoja zaidi amengoja siku ngapi. Ya tatu ni mikopo ya wachumaji iliyotoka na iliyorudi. Ya nne ni karafuu zilizoshushwa daraja na sababu yake, kama ni unyevu, makonyo au takataka. Ya tano ni fedha za chama zilizopo leo. Tumezichagua hizi kwa sababu kila moja ina uamuzi nyuma yake. Tarakimu ya pili ikipanda, Halmashauri itapeleka mtu kituoni. Ya nne ikipanda kwa unyevu, itapeleka majamvi na mafunzo ya kuanika. Tarakimu isiyomfanya mtu atende lolote, hata ikipambwa kwa rangi saba, ni pambo la ukutani.

Kila tarakimu iandikwe siku iliyotoka na vituo vilivyoileta. Kituo ambacho hakijaleta habari kiachwe wazi na kuandikwa “haijafika”, wala kisitiwe sifuri, kwani sifuri na kutokujua ni mambo mawili mbalimbali. Rangi zisiachwe kusema peke yake, kwa kuwa wako wanaume wasioweza kupambanua nyekundu na kijani. Liandikwe neno pia. Na mpaka wa hatari, yaani wapi nyekundu ianze, uwekwe na mkutano wa wanachama, usiwekwe na muuzaji wa mtambo.

Tumesikia hoja ya kupinga, nayo ina uzito. Wasomi wetu vijana wanasema kuwa ukizipunguza hesabu namna hii utaficha mambo: wastani wa chama chote waweza kuwa mzuri, na hali kituo kimoja watu wake hawajalipwa mwezi mzima. Ni kweli. Kwa hiyo twataka chini ya kila tarakimu kitajwe kituo kilicho na hali mbaya kuliko vyote, na anayetaka aweze kuteremka hatua kwa hatua, kutoka jumla ya chama hadi kituo, na kutoka kituo hadi stakabadhi ya mkulima mmoja. Urahisi tunaoutaka ni wa mlango wa kuingilia. Nyumba yenyewe ibaki na vyumba vyake vyote.

Dunia imetupa mafunzo ya pande mbili. Mwaka 1858 Mwingereza Florence Nightingale, aliyewauguza askari katika vita vya Crimea, aliwachorea wakubwa wa nchi yake picha ya rangi badala ya majedwali marefu ambayo wasingeyasoma. Kwa kutazama mara moja waliona kuwa askari waliokufa kwa maradhi yanayozuilika walikuwa wengi kupita waliokufa kwa majeraha. Picha moja nyepesi ilisukuma matengenezo makubwa ya afya jeshini. Lakini katika nchi hiyo hiyo, tangu mwaka 1999, wakubwa wa Posta waliamini hesabu za mtambo wa kompyuta ulioitwa Horizon kuliko maneno ya watu wao. Mamia ya mawakala walihukumiwa kwa wizi na udanganyifu, kisha ikadhihirika kuwa mtambo ulikuwa na kasoro, hata Bunge likatunga sheria mwaka 2024 ya kufuta hukumu hizo. Hesabu iliyo nyepesi kusomeka huokoa watu, lakini hesabu isiyoweza kuulizwa yaweza kuwafunga wasio na hatia.

Wazee walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi twaongeza kwamba daftari lisilosomeka na mwenye mali ni sawa na kutokuwa nalo. Na sisi tuliopitia chuoni twajua kuwa aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, iliyomo katika Suratul Baqara, ni aya ya kuandika deni: imemwamrisha mwandishi aandike kwa uadilifu, na imemkumbuka yule asiyeweza kuimlisha mwenyewe, ili haki yake isipotee kwa unyonge wake. Mtambo huu ni mwandishi. Basi na uandike kwa namna ambayo mnyonge wa hesabu hatadhulumiwa.

Kwa hiyo katika mkutano mkuu tutaleta shauri hili. Fedha zisitolewe mpaka muuzaji aonyeshe ukurasa huo kwa hesabu zetu wenyewe za msimu uliopita, mbele ya wajumbe watatu ambao hawajawahi kutumia kompyuta. Wao wenyewe, bila ya kusaidiwa, waseme ukurasa unasema nini na wao wangefanya nini. Wakishindwa, aliyeshindwa ni muuzaji, na arudi akautengeneze. Na ukurasa huo huo wa Halmashauri ubandikwe kila wiki katika kila kituo, ili mchumaji na mwenye shamba waone kile anachokiona Mwenyekiti, isipokuwa majina ya wenye madeni.

Mwenye rai nyingine na ailete kwa maandishi kabla ya mkutano, nasi tutaisoma mbele ya wote. Chama ni chenu, na hesabu ni zenu.

Katibu wa Chama