Vyuo vya Migori na Homa Bay vyarithi swali la wachumi wa 1965

YEYOTE anayekalia kiti cha naibu chansela katika Chuo Kikuu cha Tom Mboya mjini Homa Bay, au Chuo Kikuu cha Rongo katika kaunti jirani ya Migori, hata awe bingwa wa mimea au wa fasihi, hulazimika kuwa mchumi tangu siku ya kwanza kazini. Atapimwa kwa mishahara iliyolipwa na madeni yaliyopunguzwa, kabla ya kupimwa kwa utafiti.

Hali hiyo ina historia ndefu, na sehemu yake ilianzia papo hapo kwenye fuo za Ziwa Victoria.

Mwaka 1965, wizara ya Mipango ya Uchumi na Maendeleo chini ya Tom Mboya, ambaye kaburi lake liko kisiwani Rusinga, ilishughulikia Waraka wa Bunge Nambari 10 kuhusu Ujamaa wa Kiafrika. Waraka huo ulishikilia kwamba fedha za maendeleo, zikiwa haba, zielekezwe kwanza katika maeneo yenye ardhi nzuri, mvua, barabara na umeme, yaani mahali ambapo zingezaa haraka. Mengine yangefaidi baadaye.

Julai mwaka huo huo, mchumi kijana aliyezaliwa Kanyadhiang', karibu na Kendu Bay, aliukosoa waraka huo hadharani katika jarida la East Africa Journal. Huyo alikuwa Barack Obama, babake rais wa 44 wa Marekani. Alikuwa amekwenda Hawaii mwaka 1959, mwaka ambao Mboya alisafirisha kundi la kwanza la wanafunzi 81 kwa ndege, ingawa yeye hakuwa ndani ya ndege hiyo. Kutoka Hawaii aliendelea hadi Harvard, kisha akarejea nyumbani mwaka 1964 bila kukamilisha shahada ya uzamifu. Katika makala yake alihoji maana halisi ya ujamaa uliokuwa ukihubiriwa, na iwapo serikali ilikuwa na nia ya kuzuia mali isirundikane mikononi mwa wachache. Si jambo dogo kwamba alimkosoa mtu aliyekuwa rafiki na mfadhili wake.

Obama alifanya kazi Benki Kuu na baadaye katika shirika la ustawi wa utalii, akafariki katika ajali ya barabarani Nairobi mwaka 1982. Mboya alikuwa ameuawa Julai 5, 1969. Swali lao halikuzikwa nao.

Eneo la Nyanza Kusini lilisubiri. Rongo ilipata chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Moi mwaka 2011, nacho kikapewa hati ya kujitegemea Oktoba 2016. Chuo cha Tom Mboya kilianza mwaka huo wa 2016 kama tawi la Maseno, kikapata hati yake mwaka 2022.

Na mwaka 2016 ndio hasa uliokuwa mwaka mbaya wa kuzaliwa. Vyuo vikongwe vilikuwa vimejenga majengo na kulipa wahadhiri kwa karo za wanafunzi wa kujilipia, mpango ambao Chuo Kikuu cha Nairobi kiliuanzisha mwaka 1998. Wizi wa mitihani ulipodhibitiwa, watahiniwa wa KCSE waliopata alama ya C+ na zaidi walishuka kutoka zaidi ya 160,000 mwaka 2015 hadi 88,929 mwaka 2016. Karibu wote wakapata nafasi za serikali, na baadhi wakapelekwa vyuo vya kibinafsi. Kisima kilikauka kabla wageni hawajafika na ndoo zao.

Mwaka 2023 serikali ikaja na mfumo wa kugawa ufadhili na mikopo kwa kupima uwezo wa kila familia. Kwa wavuvi wa Mbita na wakulima wa miwa wa Awendo, ambao mapato yao hupanda na kushuka, kupimwa huko kulizua malalamiko kama kwingineko nchini. Desemba 2024 Mahakama Kuu iliuharamisha mfumo huo. Mwaka 2025 Mahakama ya Rufaa ikasimamisha uamuzi huo kwa muda. Katikati ya mvutano huo mkuu wa chuo alitakiwa kuandaa bajeti, huku asijue mwanafunzi wake angelipiwa kiasi gani.

Chuo kikongwe chenye ardhi jijini na wahitimu matajiri kinaweza kustahimili misukosuko ya aina hii. Chuo changa hakina akiba hiyo. Mgao ukifuata idadi ya wanafunzi pekee, wanafunzi nao wakifuata vyuo vyenye majina, basi mantiki ya 1965 inarudi kwa mlango wa nyuma: mwenye nacho huongezewa.

Mabaraza ya vyuo yanapotafuta viongozi hudai shahada ya uzamifu na cheo cha profesa. Mboya, aliyesoma mwaka mmoja tu katika chuo cha Ruskin, Oxford, na Obama wa Kanyadhiang' wasingefuzu hata kuitwa kwa mahojiano Homa Bay.