MAONI: Vijana, tuache kusugua shaba za nyanya zetu

Mwaka jana nilifanya kosa ambalo nyanya hajanikemea kwalo hadi leo, na kunyamaza kwake ndiko kunakoniuma.

Nilichukua dele lake la kahawa, lile la shaba lenye mdomo mrefu kama wa ndege, ambalo limekaa juu ya kabati chumbani mwake, Mji wa Kale, Mombasa, tangu kabla sijazaliwa. Lilikuwa kahawia huku, jeusi kule, na kijani kidogo pale mdomo unapoungana na tumbo. Mimi nikaona uchafu. Nilikuwa nimetazama video mtandaoni, jamaa anachovya chombo cheusi kwenye ndimu na chumvi, kinatoka kama dhahabu. Nikasema hii ni rahisi. Nikanunua ndimu kumi, pakiti ya chumvi na ule waya wa kusugulia sufuria. Saa mbili baadaye nikamwekea mbele yake, linang'aa kama matatu iliyotoka gereji jana.

Akalitazama. Akaligeuza. Akaniuliza, "Hili la nani?"

Nilidhani anatania. Hakuwa anatania. Dele alilolijua lilikuwa na alama mbili laini kwenye mkono, pale mamake alipokuwa akilishika kila jioni, na sehemu hiyo iling'aa yenyewe huku kwingine kukiwa kweusi. Mimi nilikuwa nimesugua kote sawasawa. Siku chache baadaye nikalipeleka kwa mzee mmoja anayeuza vitu vya kale, nijue tu thamani yake. Nikamwamkia, akalipokea, akapitisha kidole chini yake na kusema, "Kijana wangu, hapa palikuwa na muhuri wa fundi. Umeula." Kisha akanitajia bei ya kilo. Bei ya vyuma chakavu!

Tangu hapo nimekuwa nikiuliza na kusoma, na ninayo ya kusema. Tunachokiita uchafu juu ya shaba ya kale mara nyingi ni ngozi ya chombo chenyewe. Ukiibandua, unabandua na chombo.

Tuanze na majina, manake Kiswahili chetu hapa kinatuchanganya. Tunasema shaba tu, kumbe ni vitu vitatu. Kuna shaba yenyewe, ile nyekundu ya nyaya za umeme. Kuna shaba ya njano, ambayo ni shaba na zinki. Hiyo ndiyo ya madele, masinia na misumari ya makasha. Halafu kuna shaba iliyochanganywa na bati, ile ya sanamu na ya medali ya mshindi wa tatu. (Bati hapa si la kuezekea nyumba. Mabati ya paa ni chuma kilichopakwa zinki, kwa hivyo hata hapo tunadanganyana.) Zote tatu zikikaa hewani hujifunika utando. Kwanza wa kahawia, kisha mweusi, na baada ya miaka mingi ya unyevu unaweza kuwa wa kijani. Wataalamu huuita patina. Chuma kikiota kutu, kutu humomonyoka na kula kingine kilicho chini. Utando wa shaba ni tofauti: ukishikana vizuri, huzuia hewa na maji yasifike ndani.

Kama unaona hiyo ni stori ya jaba, angalia Sanamu ya Uhuru kule New York. Ngozi yake ni shaba nyekundu, unene wake takriban milimita 2.4. Ilipozinduliwa mwaka wa 1886 ilikuwa na rangi ya sarafu mpya. Ilipoanza kugeuka kijani, kukazuka mpango mwaka wa 1906 wa kuipaka rangi, na watu wakapinga vikali. Kijani hicho kikaachwa. Hadi leo kinailinda, na iko katikati ya maji ya bahari.

Sasa ndimu na chumvi. Asidi ya ndimu huyeyusha utando, sawa, lakini haiishii hapo. Kwenye shaba ya njano, zinki ndiyo hukimbia mapema, na kinachobaki juu ni mabaka ya waridi. Dele la nyanya linayo hayo mabaka, na hakuna sabuni itakayoyatoa kwa sababu si madoa. Ni chuma kilichopungukiwa. Waya nao huacha mikwaruzo, na vipande vyake vidogo vya chuma hubaki mle kwenye nakshi vikiota kutu. Dawa nyingi za kopo za kung'arisha zina unga wa kusaga, na nyingine zina amonia ambayo si rafiki wa shaba ya njano. Kila ukisugua unapunguza kidogo. Nakshi iliyochongwa kwa mkono haina kina kirefu. Vizazi viwili vya kusugua kwa bidii vinaitosha.

Lakini mbaya zaidi ni chumvi, hasa kwetu sisi wa Pwani. Chumvi huingia kwenye vinyweleo vya shaba na kujificha humo. Unyevu wa Mombasa ukija, inaamka. Utaona unga wa kijani hafifu, mwepesi kama poda, ukiupangusa unarudi wiki ijayo. Huo si utando wa kulinda. Wahifadhi huuita ugonjwa wa shaba, na unatoboa. Kwa hivyo sisemi kila kijani ni kizuri. Kijani kigumu kilichoshikana, kiache. Kijani cha unga kinachodondoka, hicho ni ugonjwa: weka chombo mahali pakavu, mbali na vingine, utafute mtaalamu. Pale Fort Jesus kuna maabara ya uhifadhi ya makavazi. Mji huu uliwahi kushughulikia vitu vilivyotolewa kwenye meli ya Wareno, Santo António de Tanná, iliyozama mbele ya ngome hiyo mwaka wa 1697. Vitu vilivyokaa chini ya bahari karibu miaka 300! Dele lako haliwezi kuwashinda.

Kuna hoja moja ambayo siwezi kuikwepa, na aliniletea nyanya mwenyewe. Nilipomweleza haya yote kuhusu utando, alicheka. Akasema utotoni mwake, kila Idi ikikaribia, wasichana walikuwa wakikalishwa uani kusugua masinia na madele kwa majivu na ukwaju mpaka mikono iume. Shaba iliyofifia mbele ya wageni ilikuwa aibu ya nyumba. Sasa nani amesema shaba nyeusi ndiyo nzuri? Si ni wale watalii na wanunuzi wa ng'ambo?

Ana hoja. Kupenda weusi wa shaba kwa sehemu ni ladha ya watu wa minada, na sitaki tuige tu. Lakini nilimuuliza, dele hili liliacha kusuguliwa lini? Akafikiri. Liliacha kazi siku ile chupa ya chai ya kufunga ilipoingia nyumbani, naye akalipandisha kabatini. Hapo ndipo ninapochora mstari wangu. Chombo kinachofanya kazi, kisafishe, ndiyo maisha yake. Tena dele la kunywea lazima ndani liwe safi na liwe limepakwa bati, maana shaba tupu na vinywaji vikali haviendani. Ila chombo kilichostaafu kimeanza maisha mengine. Miaka 40 ya weusi juu ya dele lile ilikuwa miaka 40 ya nyanya na chumba chake. Hiyo sikuwa na haki ya kuifuta kwa ajili ya picha moja.

Na sanamu ni kando kabisa. Ile ya Dedan Kimathi pale jijini Nairobi, iliyozinduliwa mwaka wa 2007, ni ya shaba. Mafundi wa sanamu za aina hiyo kwa kawaida huzipa rangi yake wenyewe, kwa moto na kemikali, kabla hazijatoka kiwandani. Rangi hiyo ni kazi ya msanii. Ukija na kopo lako la dawa siku ya kujitolea kusafisha mji, unafuta kazi ya mtu.

Basi ufanye nini? Kidogo sana. Piga picha kwanza, pande zote, hadi chini. Pangusa vumbi kwa brashi laini. Kikiwa na mafuta ya jikoni, osha kwa maji ya uvuguvugu na tone la sabuni ya kawaida. Maji ya visima vya Mji wa Kale yenye chumvi, hapana. Kausha mpaka kwenye maungio. Kikiwa kikavu kabisa, paka nta nyembamba isiyo na asidi, usugue kwa kitambaa cha pamba. Usishike kwa mikono ya jasho, manake jasho nalo ni chumvi. Kama ni kasha lenye misumari ya shaba, dawa ya kung'arisha isikaribie kabisa: inaingia kwenye mbao na kuacha weupe usiotoka.

Na usikimbilie kuuza. Sheria ya Makavazi na Turathi ya 2006 inahesabu kitu kilichotengenezwa au kuletwa Kenya kabla ya 1895 kuwa cha kale, na hakitoki nje ya nchi bila kibali. Wengi wetu hatujui tulicho nacho kabatini, na tukishakisugua hata anayejua hawezi kusoma muhuri.

Dele limeanza kufifia tena, mabaka mabaka, si kama zamani. Nyanya amelirudisha juu ya kabati na upande mbaya ameuelekeza ukutani. Mimi wikendi hii naelekea Malindi. Binamu yangu ana kasha la marehemu babu, limejaa misumari ya shaba, na juzi kwenye simu ameniambia anataka kulisafisha kabla ya harusi. Natumai nitafika kabla hajanunua ndimu.