Kujipamba si Kujipambanua

Ukitaka kuona watu elfu wakipaza sauti kwa pamoja asisikike hata mmoja, fungua mtandao wa LinkedIn asubuhi ya Jumatatu. Huyu anajitambulisha kuwa mtaalamu mwenye shauku. Yule ni kiongozi wa fikra. Wa tatu ana kampuni yenye watu wawili na pikipiki moja, lakini ukurasa wake unatangaza kwamba hutoa masuluhisho bunifu na jumuishi kwa wadau wa sekta mbalimbali. Masuluhisho ya nini? Wadau gani hao? Utausoma ukurasa huo hadi chini usijue kama mwenyewe anauza saruji au anatengeneza friji. Maneno hayo yote huandikwa kwa Kiingereza. Nimeyafasiri kwa makusudi, maana yakivuliwa Kiingereza hubaki uchi.

Siandiki haya ili kuwacheka. Watu hao wanatafuta wateja, na nyuma ya kila ukurasa kuna kodi ya ofisi, ada ya mtoto na mkopo wa benki. Ugomvi wangu ni na waliowauzia imani kwamba mteja hupatikana kwa njia hiyo. Imezuka biashara nzima ya semina za "chapa binafsi", zinazofanyika katika kumbi za hoteli kwa kiingilio kisicho haba. Humo mfanyabiashara mdogo hufundishwa kupiga picha akiwa amekunja mikono kifuani, kuandika kila siku hata akiwa hana la kusema, kuanza kwa sentensi fupi ya kushtua, na kumalizia kwa swali ili watu watoe maoni. Wote hutoka na kanuni ile ile ya kuwa tofauti na wengine. Kesho yake wote wanaandika sawasawa, na mwalimu wao amekwisha kuhamia mkoa mwingine.

Mambo haya yana nadharia yake, na si ya jana. Mwaka 1970 mwanauchumi wa Marekani, George Akerlof, alichapisha makala fupi kuhusu soko la magari yaliyotumika, baada ya majarida matatu kuikataa (wenzangu mnaosubiri majibu ya wahariri, jipeni moyo). Hoja yake ni nyepesi kueleza. Muuzaji anaijua hali ya gari, mnunuzi haijui. Kwa kuwa haijui, mnunuzi hakubali kulipa bei ya gari zima. Hutoa bei ya katikati. Mwenye gari zima huona hasara, hulirudisha nyumbani, na sokoni ikabaki mikweche. Miaka mitatu baadaye Michael Spence, akichambua soko la ajira, alionyesha njia mojawapo ya kutoka katika mtego huo: aliye bora atoe ishara ambayo asiye bora hawezi kuiiga ila kwa gharama kubwa. Wawili hao pamoja na Joseph Stiglitz walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2001.

Sasa chukua kipimo hicho uwapimie watu wetu wa Jumatatu. Kuandika "mtaalamu mwenye shauku" kunamgharimu nini mbabaishaji? Hakumgharimu kitu. Na tangu ChatGPT ilipotolewa kwa umma Novemba 2022, hata jasho la kuyapanga maneno hayo halipo tena. Akili unde humpangia mbabaishaji na fundi stadi kwa usawa, sarufi ikiwa imenyooka na vikaragosi vimewekwa mahali pake. Ishara ambayo kila mtu aweza kuitoa bure haimpambanui yeyote. Mteja akiiona hupita, na akilazimika kuchagua huchagua kwa bei ya chini kabisa, kwa kuwa hajapewa sababu nyingine ya kuchagua. Hapo aliyetumia nyaya halisi na mabomba mazito ndiye anayeumia.

Nitoe mfano wa biashara ninayoifahamu kwa kiasi, kwa kuwa mmoja wa waliopita darasani kwangu anaifanya: kufunga pampu za maji zinazoendeshwa kwa umeme wa jua mkoani Dodoma. Ukurasa wake una suti, una nukuu za kutia hamasa, una picha ya cheti cha semina. Mteja wake ni nani? Ni mhasibu wa shule ya bweni, mkulima wa zabibu, mratibu wa mradi wa shirika la misaada, mwenye nyumba ya wageni. Mtu huyo hatafuti hamasa. Anataka kujua pampu ipi inafaa kisima chake, itatoa lita ngapi siku ya mawingu, maji yenye chumvi, ambayo Dodoma si kitu kigeni, yataila baada ya muda gani, na vipuri vinapatikana wapi.

Kijana huyo anayajua majibu yote. Nilipomuuliza kazi ngumu zaidi aliyowahi kuifanya, alinieleza habari ya kisima cha mita 90 ambacho mteja alikwisha kuuziwa pampu kubwa kuliko uwezo wa kisima chenyewe. Ilikuwa ikikausha maji kwa saa mbili, inabaki kuzunguka bila maji, hadi mota ikaungua. Yeye aliweka pampu ndogo inayovuta polepole tangu jua linapochomoza hadi linapozama, akaongeza tangi la pili, na maji yakatosha. Alinisimulia hayo kwa Kiswahili safi, kwa dakika nne, akichora kwa kidole juu ya meza. Ndani ya dakika nne hizo kulikuwa na ushawishi kuliko machapisho yake yote ya mwaka mzima. Kwa nini hayaandiki? Kwa sababu alifundishwa kwamba hayo ni "mambo ya kifundi", hayana hadhi ya mtandao wa wanataaluma.

Utaniambia kwamba hata habari kama hiyo akili unde inaweza kuibuni. Naam, inaweza. Haiwezi kumbuni mhasibu wa shule ambaye mteja mpya atampigia simu kumuuliza kama pampu bado inafanya kazi. Utaniambia tena kwamba akieleza siri zake washindani watamwibia. Mshindani anayeweza kuiba ujuzi kwa kusoma aya mbili alikuwa nao tayari.

Wazee wetu nao watanijibu kwa methali: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwa heshima zote, methali hiyo imezaliwa katika soko ambalo mnunuzi aligonga chungu kwa kidole akasikia mlio wake, akakunja kanga akaiona nyuzi zake. Pampu iliyozama mita 60 ardhini haigongwi kwa kidole. Mfumo wa hesabu wa kampuni haukunjwi. Bidhaa na huduma nyingi za leo mnunuzi huzijua baada ya kulipa, na mwenye kizuri akinyamaza anakuwa amemwachia soko mwenye kibaya. Hata biashara ya zamani haikuwa ya kimya kama tunavyodhani. Mtu aliyepewa mzigo kwa mali kauli, alipe akishauza, hakupewa kwa sababu ya ufasaha wake wa kujisifu. Alipewa kwa sababu walikuwepo watu waliomjua, wanaojua alichukua nini mara ya mwisho na alirudisha lini. Mtandao wa kitaaluma ungeweza kuifanya kazi hiyo ya ushahidi kwa watu ambao hawajawahi kukutana. Tumeugeuza kuwa jukwaa la ngonjera.

Na gharama yake ni kubwa kuliko kuchosha macho. Anayeandika vizuri asiyejua kazi hupata oda; anayejua kazi asiyejua kuandika hupewa kazi hiyo hiyo na wa kwanza, kwa nusu ya malipo au pungufu ya hapo. Huo ni udalali uliovaa tai. Dalali wa Kariakoo angalau hajifichi. Kila mtu anajua cha juu ni chake. Huyu wa mtandaoni anajiita mwanzilishi na mtendaji mkuu, na fundi aliyeifanya kazi hatajwi hata kwenye picha. Mteja akirudi na lalamiko, mwanzilishi hana la kumjibu kwa kuwa hakuwapo. Ndivyo tunavyojenga tabaka jipya la wasemaji juu ya mabega ya watendaji, kisha tunaliita ujasiriamali.

Vyuo vyetu navyo visijitoe. Tunawakaririsha vijana vipengele vinne vya E. Jerome McCarthy vya mwaka 1960, yaani bidhaa, bei, mahali na utangazaji, wanavitaja bila kukosea katika mtihani, kisha wanaingia sokoni wakiwa hawawezi kueleza kwa aya moja, katika lugha yoyote ile, kazi wanayoifanya. Kiingereza hapa kimekuwa pazia. Sipingi kukitumia: anayemwandikia ofisa ununuzi wa kampuni ya kigeni na amwandikie kwa lugha anayoisoma. Ila mhasibu wa shule ya Mpwapwa anasoma Kiswahili, na Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikwisha kukifanya lugha rasmi tangu 2021, kwa hiyo hata mteja wa nje ya mipaka hatuna haki ya kudhani hakijui. Mtu huficha kutojua kwa urahisi zaidi katika lugha asiyoimudu, yeye pamoja na msomaji wake.

Mwenye mtandao hana sababu ya kuturekebisha. Microsoft iliununua LinkedIn mwaka 2016 kwa dola za Marekani bilioni 26.2, na fedha hiyo hairudi kwa mhasibu wa Mpwapwa kupata pampu nzuri. Hurudi kwa matangazo, ada za uanachama na huduma zinazouzwa kwa waajiri. Unachopimiwa ni idadi ya waliokupongeza. Ukiwachunguza waliokupongeza, wengi ni wauzaji wenzako waliotoka semina ile ile, nao wanangoja uwapongeze. Watu mia tatu wakakupigia makofi, na hakuna hata mmoja mwenye kisima.

Zipo ishara zinazogharimu, na nyingine tayari zimo kabatini. Mkandarasi ana daraja na namba ya usajili kutoka Bodi ya Usajili wa Makandarasi. Mhandisi ana namba ya bodi yake. Kampuni ina usajili wa BRELA, ina risiti za mashine ya EFD zinazothibitisha kwamba iliuza, ina barua za kukamilisha kazi zenye tarehe na mahali. Vitu hivyo vilipatikana kwa mitihani, kodi na miaka, na mtu yeyote anaweza kuvihakiki. Katika kurasa nilizozipitia kabla ya kuandika makala haya, nyingi hazikuwa na hata kimoja, na wenyewe wanavyo.

Mwanafunzi wangu wa zamani amebadilisha picha yake wiki iliyopita. Sasa amesimama mbele ya ukuta wa vioo. Kule Kongwa mtu mwenye kisima bado anauliza pampu ikigoma mwezi wa Septemba, nani atakuja, na atafika baada ya siku ngapi.